Arthur Holmes: Msomi aliyezushiwa kifo, akaipa Dunia umri wake

Kila nipitapo Kisoro kuelekea Cyanika, nikiyaona mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa mashambani, humkumbuka marehemu Profesa Arthur Holmes. Hakuwa mwenyeji wetu, lakini ni miongoni mwa wasomi walioyachunguza mawe hayo kwa makini. Naona inafaa wasomaji wenzangu wamjue.

Holmes alizaliwa Januari 14, 1890, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Alianza na fizikia huko London, kisha akahamia jiolojia, yaani elimu ya miamba. Siku hizo bingwa wa fizikia, Lord Kelvin, alikuwa amekadiria kwamba Dunia ina miaka kati ya milioni 20 na 40 tu.

Kijana Holmes akatumia urani. Madini haya hugeuka polepole kuwa risasi, kwa kasi isiyobadilika. Ni kama mwenye duka anayejua gunia lake hupungua kilo ngapi kwa siku: akipima kilichobaki na kilichotoka, anajua lilifunguliwa lini. Mwaka 1911, akiwa na miaka 21, alitangaza kwamba mwamba mmoja wa Norway una miaka milioni 370.

Lakini elimu hiyo haikumtoa njaa. Mwaka huohuo alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Miezi sita ikapita bila kupata kitu cha maana, na malaria ikamwangusha vibaya hata habari zikapelekwa kwao kwamba amefariki. Akapona, akapanda meli. Sisi tuliorejea kutoka ukimbizini tunajua maana ya kufika nyumbani ukakuta umeshaliliwa.

Mwaka 1920 alikwenda Burma kuwa mkuu wa wanajiolojia katika kampuni ya mafuta. Kampuni ikafilisika, na mwanawe mdogo akafa kwa ugonjwa wa kuhara damu. Alirudi Uingereza mikono mitupu. Alipata nafasi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Durham mwaka 1924 tu.

Hapo ndipo nyota yake ilipong'aa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alieleza kwamba joto la ndani ya Dunia husogeza miamba polepole, kama uji unaozunguka chunguni, na kwamba nguvu hiyo yaweza kuyasukuma mabara. Wengi walipuuza, miaka ya 1960 wazo hilo lilikuja kukubalika.

Mwaka 1937 yeye na H. F. Harwood walitoa uchunguzi wao wa miamba ya volkano ya Bufumbira, chini ya milima ya Virunga. Ilionekana kuwa na potasiamu nyingi kupita kawaida. Potasiamu ni chakula cha mimea, na ardhi ya volkano ya upande huo inasifika kwa viazi. Aina moja ya mwamba wa Uganda aliita katungaiti, kutokana na mlima Katunga.

Mwaka 1943 alihamia Edinburgh, akastaafu 1956. Mwaka huo Mmarekani Clair Patterson alithibitisha umri wa Dunia: miaka milioni 4,550. Holmes alipewa Tuzo ya Vetlesen mwaka 1964, akafariki Septemba 20, 1965.

Nyiragongo ilipomwaga moto Goma mwaka 2002, na tena 2021, wenzetu walipoteza nyumba na bidhaa. Vijana wetu wanaosoma jiolojia leo wana kazi inayowangoja hapa hapa mpakani.