ALIYEKUWAMO KATIKA NDEGE ZOTE MBILI

Kila linapotajwa bomu la Hiroshima, wengi wetu humkumbuka rubani Paul Tibbets. Mara hii twawaletea habari za mwenzake, Luteni Jacob Beser. Yeye hakushika usukani, lakini ndiye mtu pekee aliyekuwamo katika ndege zote mbili zilizoangusha mabomu ya atomiki juu ya Japani.

Beser alizaliwa mwaka 1921 katika mji wa Baltimore, Marekani, katika jamaa ya Kiyahudi. Alikuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, Desemba 1941. Kesho yake akaacha masomo na kujiandikisha jeshini. Shauku yake ilikuwa kwenda Ulaya kupigana na Hitler, mtesi wa Wayahudi. Badala yake akafundishwa mambo ya rada, kisha akapelekwa jangwani Utah, kwenye kikosi cha siri.

Rada, kama tulivyokuwa tukiwaeleza wanafunzi, hutuma mawimbi ya redio na kuyapokea yanaporudi, mfano wa mwangwi bondeni. Bomu lenyewe lilikuwa na rada ndogo za kupima kimo, ili lipasuke lingali hewani, kiasi cha meta 580 juu ya mji. Hapo ndipo penye hatari: mawimbi ya adui yakilingana na yale ya bomu, yangeweza kulipasua kabla ya wakati wake. Basi kazi ya Beser ilikuwa kukaa na vyombo vyake, kusikiliza mawimbi ya Wajapani, na kuhakikisha kwamba njia ya bomu ni salama. Neno hilo salama latutia baridi, lakini ndiyo kazi aliyopewa.

Tarehe 6 Agosti 1945, siku ambayo Kanisa hukumbuka Kugeuka Sura kwa Bwana, alisikiliza juu ya Hiroshima. Siku tatu baadaye alipanda ndege ya pili. Mji wa Kokura ulifichwa na mawingu na moshi, ikabidi waelekee Nagasaki, mafuta yakipungua. Bomu lilipasuka juu ya bonde la Urakami, palipokuwa na kanisa kuu la Wakatoliki, na ndani yake watu waliokuja kuungama. Hadi mwisho wa mwaka ule wakadiriwa kufa watu 140,000 Hiroshima na 70,000 Nagasaki. Tena tusidhani mambo haya yalikuwa mbali nasi: sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ya watu wasemao Kiswahili.

Baada ya vita Beser aliendelea na kazi za silaha, kwanza New Mexico, kisha kwao Baltimore katika kampuni ya Westinghouse. Popote alipokwenda aliulizwa kama anajuta. Jibu lake lilikuwa hapana. Alishikilia kwamba vita vyenyewe ndivyo uovu, na kwamba aliyeuawa kwa bomu la kawaida hakufa kidogo kuliko aliyeuawa kwa atomiki. Sisi hatukubaliani naye, ila twaona kwamba hakulikimbia swali. Mwaka 1988 alitoa hata kitabu juu yake.

Alifariki Juni 1992, mwenye umri wa miaka 71. Miaka mingi baadaye mjukuu wake mmoja alikwenda Japani, akaketi na wazee walionusurika, akawasikiliza.