Parry-Thomas: Mhandisi aliyeendesha gari lenye injini ya ndege na gia boksi ya gari la zamani

Ukipita gereji yoyote siku hizi hukosi kijana anayetaka kufunga turbo kwenye injini ambayo haikutoka nayo kiwandani. Pistoni anatoa gari hili, gia boksi anang'oa lile, kisha anatumai vyote vitaelewana.

Kuna jamaa aliyecheza mchezo huo karibu miaka 100 iliyopita, kabla turbo haijafika kwenye magari. Gari lake liliweka rekodi ya dunia. Gari hilo hilo ndilo lililomuua.

John Godfrey Parry-Thomas alizaliwa Wrexham, Wales, mwaka wa 1884. Babake alikuwa mhubiri, lakini kijana alipenda mitambo kuliko mimbari. Alisomea uhandisi London, akapanda hadi kuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Leyland, iliyojulikana zaidi kwa malori.

Huko alibuni gari la kifahari, Leyland Eight, lililozinduliwa 1920. Lilikuwa gari safi sana ila bei yake iliwatisha hata matajiri, na yaliyoundwa yalikuwa machache mno. Thomas akaacha kazi, akahamia Brooklands, uwanja wa mbio za magari karibu na London. Aliishi papo hapo na karakana yake ilikuwa papo hapo.

Alikuwa na akili nyingi lakini si pesa nyingi. Hapo ndipo spea za watu wengine zinaingia kwenye hadithi yake.

Mwaka wa 1924 tajiri mmoja mpenda mbio, Count Louis Zborowski, alifariki katika mashindano ya Monza, Italia. Aliacha gari kubwa la ajabu lililoitwa Higham Special. Thomas alilinunua kwa pauni 125 tu, akalibandika jina Babs.

Babs lilikuwa mseto hasa. Injini yake ilikuwa Liberty ya Marekani, iliyoundwa kwa ajili ya ndege za Vita Vikuu vya Kwanza. Ilikuwa na silinda 12, ukubwa wa lita 27 na nguvu za farasi zipatazo 450. Gia boksi na mfumo wa cheni vilitoka kwenye gari la Blitzen Benz la Ujerumani, la kabla ya vita.

Sasa piga hesabu. Blitzen Benz lenyewe lilikuwa na nguvu za farasi 200 hivi. Kwa hivyo gia na cheni zilizoundwa kubeba mzigo huo zilitwikwa zaidi ya mara mbili yake. Tena injini ya ndege kazi yake ni kuzungusha rafadha kwa mwendo usiobadilika sana. Haikuundwa kukanyagwa na kuachiliwa kama ya gari.

Thomas hakulipeleka barabarani hivyo hivyo. Alilifungua, akabuni pistoni zake mwenyewe na kuweka kabureta nne aina ya Zenith.

Pistoni si kitu cha kuokota popote. Umbo la kichwa chake huamua mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa kiasi gani. Ukibanwa kupita kiasi, unawaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na mwishowe pistoni inatoboka. Turbo ikiongezwa hatari huzidi, kwa sababu inasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda ile ile. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huanza na pistoni kabla ya kugusa turbo.

Aprili 1926, Thomas alipeleka Babs kwenye ufuo wa Pendine, Wales, penye mchanga mgumu ulionyooka kwa kilomita 11 hivi. Kwa siku mbili mfululizo alivunja rekodi ya kasi ya ardhini, akipita kilomita 270 kwa saa. Wapinzani wenye mifuko mizito waliachwa wakishangaa gari la pauni 125.

Raha hiyo haikudumu mwaka. Februari 1927 Malcolm Campbell aliichukua rekodi kwenye ufuo huo huo, kwa gari lake Blue Bird, akifika kama kilomita 281 kwa saa.

Thomas alirudi Pendine kuitafuta tena. Mnamo Machi 3, 1927, akiwa katika kasi kubwa, Babs liliyumba, likapinduka na kuteleza mchangani. Thomas aliumia vibaya kichwani na kufa. Alizikwa Byfleet, karibu na Brooklands. Babs nalo lilizikwa pale pale ufuoni.

Kwa miaka mingi watu walilaumu cheni. Walisema ilikatika na kumpiga kichwani. Lakini 1969 Owen Wyn Owen, mhadhiri wa uhandisi kutoka Wales, alipata kibali cha kulifukua. Baada ya kulikagua, lawama zilihamia kwa gurudumu la nyuma la kulia.

Kama ni hivyo, injini ambayo Thomas aliihangaikia zaidi haikumwangusha. Kilichomwangusha ni kitu kilichokuwa mwisho kabisa wa safari ya nguvu hiyo. Mwenye kuongeza nguvu mbele hana budi kufuata njia yake yote: klachi, gia, cheni au shafti, mpaka ringi na tairi. Breki pia zisisahaulike. Kila kimoja akiulize kiliundwa kubeba mzigo gani.

Owen alitumia miaka mingi kulikarabati Babs. Injini yake ya ndege iliwaka tena na gari likatembea. Leo huonyeshwa Pendine, hatua chache kutoka mchanga uliolifunika kwa miaka 42.