Maisha ya Ludwig Krapf, Mgeni Aliyeziandika Lugha Zetu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wengi wetu hapa Eldoret bahari tunaiona kwa picha tu.

Nilipokuwa darasa la nne, katika shule ya msingi ambayo sitaitaja, kulikuwa na kipande cha mbao kilichotiwa kamba. Ukipatikana ukisema lugha ya nyumbani unavalishwa shingoni, halafu unabaki kumvizia mwenzako akosee ili umpe yeye. Mimi nilikivaa mara nyingi. Nyumbani kwetu kuna lugha mbili, kwa sababu mama ni Mnandi na baba ni Mkikuyu. Nilipotoka shule hiyo nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba lugha zote mbili ni aibu.

Mwaka huu mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alitupa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Nikamchagua Ludwig Krapf. Nilidhani nitaandika juu ya Mzungu aliyeona mlima, basi. Kumbe mlima ni sehemu ndogo tu ya habari yake.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa la mtoto mwingine, akalala kitandani miezi mingi. Hapo ndipo alipozama katika kusoma. Alipopona akapelekwa shule mjini Tübingen, akajifunza Kilatini, Kigiriki, Kifaransa na Kiitaliano. Siku moja alifungua kitabu cha ramani, akatazama upande wetu huu wa Afrika, akashangaa mbona majina yaliyoandikwa pale ni machache hivyo. Swali hilo halikumtoka kichwani.

Alisomea umisionari mjini Basel, Uswisi, na mwaka 1837 akatumwa Ethiopia na chama cha kimisionari cha Waingereza kiitwacho Church Missionary Society. Huko alijifunza Kiamhari, akapenda sana kuwajua Waoromo na lugha yao. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa nyikani kabla ya siku zake wakiwa safarini, naye hakuishi. Walimpa jina la Kiamhari lenye maana ya chozi. Hata uchungu wao waliutaja kwa lugha ya wenyeji.

Njia ya kurudi Ethiopia ilipofungwa, Krapf na mkewe walishuka kwa mashua kuja pwani yetu. Januari 1844 walifika Unguja. Sultani Seyyid Said aliwapokea, akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa wakuu wa pwani. Mwezi wa Mei wakakaa Mombasa. Mwezi wa Juni, Krapf akiwa hajamaliza hata nusu mwaka katika nchi hii, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi mmoja wa mji. Hebu fikiri, msomaji: Mkristo na Mwislamu wamekaa pamoja, mmoja anauliza na mwingine anasahihisha. Sisi huona Waswahili wa Mombasa kama watu waliosubiri tu kuandikwa, lakini walikuwa na tenzi zao zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla ya Krapf kuzaliwa. Yeye mwenyewe aliliheshimu jambo hilo, na mwaka 1854 alipeleka Ujerumani miswada ya tenzi ili ihifadhiwe.

Julai 1844 homa iliingia nyumbani kwake. Rosine alijifungua mtoto wa kike. Baada ya siku chache mama akafa, na mtoto naye akafuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa hiyohiyo. Makaburi yao yako ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mtu mwingine angepanda chombo cha kwanza kurudi kwao. Krapf alirudi kwenye daftari lake la maneno.

Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakafungua makao Rabai kati ya Wamijikenda. Rebmann aliona Kilimanjaro mwaka 1848. Krapf naye alishika njia ya Ukambani, na huko Kitui alipokelewa na Kivoi, mfanyabiashara maarufu aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Kivoi ndiye aliyemweleza habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe juu. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka na Krapf akauona. Wataalamu wa Ulaya walikataa, wakidai kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wao walikuwa wameketi vitini, naye alikuwa amesimama Kitui.

Wakikuyu huuita mlima huo Kirinyaga. Wakamba huuita Kiinyaa, na wazee husema ni kwa sababu weusi na weupe wake unafanana na manyoya ya mbuni dume. Krapf alilisikia kwa Wakamba akaandika Kenia. Mwaka 1920 nchi ilipofanywa koloni iliitwa kwa jina la mlima huo. Kwa hiyo kila ukitaja Kenya unataja neno la Kikamba lililopita katika sikio la Mjerumani. Kama Krapf angepitia upande wa pili wa mlima, labda leo tungekuwa na jina jingine.

Mwaka 1850 vitabu vyake viwili vilichapishwa Tübingen. Kimoja ni sarufi ya Kiswahili kwa herufi tunazotumia leo. Kingine ni orodha ya maneno ya lugha sita zilizopangwa bega kwa bega: Kiswahili, Kimijikenda, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Ukizipanga hivyo unaona jambo ambalo mtu wa lugha moja haoni. Tano za kwanza ni ndugu wa damu na maneno yao yanafanana. Kioromo ni cha ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1854 alitoa tena orodha ya maneno ya lugha ya Wakwavi, ndugu wa Wamaasai. Hilo linatuhusu sisi, kwa maana Uasin Gishu ni jina la Wamaasai waliochunga katika nyanda hizi zamani, na neno gishu kwao ni ng'ombe. Krapf hakufika hapa kwetu, lakini maneno ya jamaa zao yalimfikia.

Lugha haikumlinda na kila kitu. Mwaka 1851 alirudi Ukambani akasafiri na Kivoi kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi waliwavamia, Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika. Krapf alitangatanga peke yake porini akiwa na njaa, akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki. Aliponea chupuchupu. Mwaka 1853 afya yake ilimlazimu kurudi Ulaya. Alikuja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, lakini mwili ulikataa. Miaka yake ya mwisho aliishi Korntal, Ujerumani, akiendelea na kamusi yake ya Kiswahili. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi ilitoka London mwaka 1882, mwenyewe akiwa kaburini.

Simsifu kwa kila jambo. Watu aliowageuza dini walikuwa wachache sana, na mila nyingi za wenyeji aliziita giza. Habari alizoandika zilisomwa pia na waliokuja baadaye kutawala. Tena jalada la kamusi lina jina moja tu, ilhali maneno ya ndani yalitoka vinywani mwa watu wengi. Lakini kuna jambo moja ambalo siwezi kumnyima: alikuja na lugha zake nyingi, akakubali kuwa mwanafunzi wa kila mtu aliyekutana naye.

Sasa nieleze kwa nini habari hii ilinigusa. Mama hunisimulia kwamba mwanzoni mwa mwaka 2008, kabla sijazaliwa, vijana walifunga barabara kwa mawe hapa kwetu. Walisimamisha magari wakawauliza watu maneno, na ulivyojibu ndivyo walivyojua umetoka wapi. Mama na baba walikuwa ndani ya matatu. Mama alimfunga baba leso shavuni, akawaambia vijana kwa Kinandi kwamba mume wake anaumwa na jino na hawezi kusema. Wakapita. Tangu siku ile baba hakupenda kusema Kikuyu nje ya nyumba yetu.

Yaani orodha ya maneno inaweza kufanya kazi mbili. Krapf aliuliza mtu neno ili amjue. Wale vijana waliuliza mtu neno ili wamdhuru. Na kile kipande cha mbao cha shuleni, ijapokuwa hakikumuua mtu, nacho kilitufundisha kuvizia kinywa cha mwenzetu.

Nilipomaliza kusoma maisha haya nilichora safu za maneno kwenye daftari kama alivyofanya Krapf. Jioni nikawaita mama na baba mezani. Nikauliza ng'ombe anaitwaje. Baba akasema ng'ombe, kama Kiswahili kabisa. Mama akasema teta. Nikaongeza gishu ya Wamaasai pembeni. Tulifika maneno 40 kabla chai haijapoa, na baba ndiye aliyekuwa akitaja mengi, tena kwa sauti.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, darasani mwetu peke yake nimehesabu lugha saba. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, nami nakipenda, lakini hakikuagiza lugha nyingine zinyamaze. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo inaitaka serikali iziendeleze lugha zote za Wakenya. Naomba muhula ujao kila mwanachama alete maneno 20 ya kwao pamoja na maana zake, tuyapange bega kwa bega katika gazeti letu la mwaka ujao. Na chini ya kila safu tuandike majina ya waliotufundisha.