Mwenyeheri Niels Stensen: Msomi wa Ubongo Aliyekiri Asichokijua

Mwaka 1665, jijini Paris, wasomi walikusanyika nyumbani kwa Melchisédech Thévenot kumsikiliza kijana wa miaka 27 kutoka Denmark akifundisha juu ya ubongo wa mwanadamu. Walitarajia majibu, yeye akaanza kwa kukiri kwamba kuhusu ubongo hajui kitu. Kijana huyo ni Niels Stensen, ambaye leo Mama Kanisa anamheshimu kama Mwenyeheri.

Stensen alizaliwa Copenhagen mwaka 1638, mtoto wa sonara, katika familia ya Kilutheri. Baada ya kusoma udaktari chini ya Thomas Bartholin, alikwenda Uholanzi. Huko Amsterdam, mwaka 1660, alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo, aligundua mfereji unaopeleka mate kinywani kutoka katika tezi iliyo karibu na sikio. Mwalimu wake, Gerhard Blasius, alidai kuwa ugunduzi huo ni wake. Mabishano yakawa makali, lakini Stensen alijitetea kwa kuchunguza zaidi na kuchapisha alichokiona. Hata leo madaktari wanauita mfereji huo kwa jina lake. Huko Leiden, alikosoma pamoja na Jan Swammerdam na Regnier de Graaf, alithibitisha kwamba moyo ni msuli.

Hotuba ya Paris ilichapishwa mwaka 1669. Wakati huo wengi walifuata maelezo ya mwanafalsafa René Descartes, kwamba roho huuongoza mwili kwa kuinamisha tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo. Stensen alionyesha kwamba tezi hiyo imeshikamana na sehemu zinazoizunguka, wala haiwezi kuinama hivyo. Hakukana kuwapo kwa roho. Alikataa tu maelezo yasiyolingana na mwili kama Mungu alivyouumba. Akashauri nyuzi za neva zifuatwe hatua kwa hatua ndani ya ubongo, ili ijulikane zinatoka wapi na zinaishia wapi. Mwaka 1732 Jacob Winslow, mjukuu wa ndugu yake, aliichapisha hotuba hiyo upya ndani ya kitabu chake mashuhuri cha anatomia, nayo ikawafikia madaktari wa vizazi vilivyofuata.

Moyo huohuo wa kutafuta ukweli ndio uliomfikisha katika Kanisa Katoliki. Mwaka 1666, mjini Livorno nchini Italia, aliona maandamano ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Akajiuliza: ama watu hawa wanakiheshimu kipande cha mkate tu, ama kweli Kristo yumo, na ikiwa yumo, kwa nini mimi simwabudu? Hakulikimbia swali. Alisoma, alisali, na mwaka 1667 akapokelewa katika Kanisa.

Alipewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1675, na mwaka 1677 akawekwa wakfu kuwa Askofu na kutumwa Ujerumani ya Kaskazini, ambako Wakatoliki walikuwa wachache. Mwanafalsafa Leibniz, aliyemfahamu huko Hannover, alisikitika kuona msomi wa namna hiyo ameuacha utafiti. Lakini Stensen alikuwa ameona kazi nyingine inayomngoja. Aliuza pete na msalaba wake wa kiaskofu ili awasaidie maskini. Alifariki dunia mjini Schwerin mwaka 1686, akiwa na miaka 48, katika ufukara mkubwa. Mwili wake unapumzika katika kanisa la San Lorenzo, Florence. Tarehe 23 Oktoba 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri.

Ndugu msomaji, wapo wazazi wanaohofu kwamba mtoto akizama katika sayansi atapoteza imani. Wapo pia vijana wanaoficha maswali yao wakidhani ni dhambi kuuliza. Maisha ya Stensen yanatufundisha kwamba kinachoiharibu elimu na kinachoiharibu imani ni kimoja: kujifanya tunajua tusichokijua. Anayekiri upungufu wake mbele ya ubongo uliolala mezani amekwisha kujizoeza kupiga magoti mbele ya Altare.

Mwenyeheri Niels Stensen, utuombee.