Padri Gregor Mendel, Mtawa Aliyehesabu Njegere

Wapenzi wakatekumeni, mkulima akisha kupanda hungoja; haoni yanayotendeka chini ya udongo. Sikilizeni habari za padri mmoja aliyejua kungoja.

Alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, katika dola ya Austria ya zamani. Leo mahali hapo ni katika nchi ya Ucheki. Jina lake la kwanza lilikuwa Johann. Baba yake alikuwa mkulima. Kijana alipenda sana masomo, lakini fedha zilikosekana. Ndipo Theresia, dada yake mdogo, akatoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake, ili kaka yake asome. Mendel hakuusahau wema huo. Baadaye aliwasaidia wana wa Theresia katika masomo yao.

Mwaka 1843 aliingia nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapadirishwa. Alifundisha shuleni, lakini mwaka 1850 alishindwa katika mtihani wa kupata cheti cha ualimu. Wakubwa wake wakampeleka Vienna ajifunze zaidi. Mwaka 1856 alijaribu tena, wala hakufaulu. Hata hivyo hakuacha kufundisha.

Mwaka ule ule alianza kazi kubwa katika bustani ya watawa. Watu walijua kwamba mtoto hufanana na wazazi wake, lakini hawakujua ni kwa kanuni gani. Mendel akachagua njegere. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu aina 34 kwa muda wa miaka 2, apate kutambua zile zisizobadilika katika kuzaa, akabakiza 22. Kisha alifungua ua lisilochanua bado, akaondoa vijiti vyake vya unga, akalipaka unga wa ua la aina nyingine.

Alipochanganya njegere za mviringo na zile zenye makunyanzi, watoto wote walitoka mviringo. Makunyanzi yalionekana kama yamekufa. Lakini alipowapanda watoto hao, alihesabu wajukuu 5,474 wa mviringo na 1,850 wenye makunyanzi, yaani karibu watatu kwa mmoja. Basi akafahamu: kila mtoto hupokea fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama, fungu moja laweza kulifunika jingine, lakini lililofunikwa halipotei. Hata mwaka 1863 alikuwa amechunguza mimea ipatayo 28,000.

Mwaka 1865 alieleza hayo mbele ya wataalamu wa Brno. Mwaka 1866 yakachapwa. Ni wachache mno waliojali. Mwaka 1868 watawa wenzake wakamchagua kuwa Abate, na shughuli za uongozi zikamtoa bustanini. Alifariki tarehe 6 Januari 1884, kazi yake ingali imefichika. Mwaka 1900 wataalamu watatu, kila mmoja katika nchi yake, wakaifikia kanuni ile ile, wakakuta kwamba padri wa Brno amewatangulia. Hata leo wanaotafuta mbegu bora za mahindi hufuata njia yake.

Enyi wakatekumeni, huenda mmoja wenu atashindwa katika mtihani wa katekisimo, na wenzake wakabatizwa kabla yake. Asirudi nyuma. Neno la Mungu lililopandwa moyoni laweza kufunikwa kwa muda, wala halifi. Na kazi njema isiyosifiwa na watu, Mungu anaihesabu.