Ronald Ngala: Jimbo Alilipata, Mkoba Hakupewa

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikitumwa, baada ya sala ya alasiri, kuwapelekea wazee kahawa barazani. Likitajwa jina la Ronald Gideon Ngala, baraza liligawika papo hapo. Wako waliomsifu kuwa ngao ya Wapwani, na wako waliomlaumu kwamba aliviacha vita katikati. Mimi nilizaliwa majimbo yamekwisha kuzikwa, kwa hivyo sikuwa na upande. Nilikuwa na masikio tu. Leo, baada ya kusoma na kuuliza, napenda kumsimulia msomaji maisha ya bwana huyu kama nilivyoyaelewa.

Marehemu Ngala, Mgiriama wa Kilifi, alizaliwa mwaka wa 1923. Alisoma Shimo la Tewa, kisha Alliance, na Makerere ndiko alikosomea ualimu. Aliporudi alifundisha hapa Pwani, hata akawa mwalimu mkuu wa Shule ya Buxton mjini Mombasa. Mwaka wa 1949 kilichapishwa kitabu chake cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Mimi naiona mbegu ya siasa yake humo: kwamba kila watu wana ada zao na ardhi yao, na haifai mgeni wa mbali kuwaamulia. Katika miaka ya 1950 aliingia baraza la mji wa Mombasa, mahali ambapo siasa ni maji, taka na taa za barabarani.

Mwaka wa 1957 alikuwa mmoja wa Waafrika 8 wa kwanza kuchaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwezi wa Juni 1960 kikaundwa chama cha KADU, naye akawa rais wake. KANU ilikuwa na nguvu zaidi kwa Wakikuyu na Waluo. KADU iliwakusanya Wamijikenda, Wakalenjin, Wamasai na baadhi ya Waluhya. Hofu yao ilikuwa moja: mamlaka yote yakiwekwa Nairobi, wachache watamezwa. Dawa waliyoitaja ni majimbo.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi watu wa mwambao. Ukanda wa maili 10 ulikuwa bado ni milki ya Sultani wa Zanzibar, na Mwingereza akiutawala kwa niaba yake tangu 1895. Wako wazee wetu waliotaka Mwambao ujitegemee. Ngala alikataa, kwake yeye ukanda ule ulikuwa sehemu ya Kenya. Lakini pia hakutaka Pwani itawaliwe kutoka bara. Aliweka njia ya tatu: Pwani ndani ya Kenya, ila yenye baraza lake na sauti juu ya ardhi yake. Mnamo Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana ukanda uingie Kenya, na mahakama za Kadhi zihifadhiwe. Wazee wengine hawakumsamehe Ngala mpaka walipokufa.

Katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka wa 1962, Ngala alikipata alichokitaka. Katiba iliyoanza kazi tarehe 1 Juni 1963 iliweka majimbo 7 mbali na Nairobi, kila jimbo na baraza lake, na juu yake Seneti ya watu 41 kuyalinda.

Lakini uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilikuwa imeshinda, na Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Serikali kuu haikuwa na haraka ya kukabidhi kazi, na fedha ndiyo kabisa. Jimbo lilikuwa na baraza, halina mkoba. Mwenye kutaka shule au daraja alijua mlango wa kubisha uko Nairobi. Wajumbe wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala mwenyewe alisimama Bungeni akakivunja chama chake na kujiunga na serikali. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa jamhuri, na nguvu za majimbo zikaondoka. Mwisho wa 1966 Seneti nayo ilikwisha.

Je, alisaliti? Mimi sisemi hivyo. Nahodha akiona chombo kinajaa maji, ana haki ya kukileta pwani. Ninalomlaumu ni moja: abiria hawakuulizwa. Waliompa kura kwa ajili ya majimbo waliamka wakakuta yamekwisha.

Baadaye alikuwa waziri. Desemba 1972 gari lake lilipinduka karibu na Konza, katika njia ya Nairobi na Mombasa. Dereva alieleza kuwa nyuki waliingia garini. Ngala alifariki tarehe 25 mwezi huo, na minong'ono haijaisha.

Katiba ya 2010 imeleta kaunti 47, na 6 ni za Pwani yetu. Safari hii mkoba umeandikwa katika sheria: si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Huo ndio aliokosa Ngala. Majimbo yaliuawa na mambo mawili, ukosefu wa fedha na kimya cha wenyewe. La kwanza limepata dawa. La pili, ndugu msomaji, dawa yake ni mimi na wewe, tunapopita mbele ya zahanati isiyo na dawa, kuuliza fedha zimekwenda wapi.