Felice Benuzzi: Mateka Aliyeupanda Mlima Kenya

Nilipokuwa mdogo niliwahi kupanda mnazi wa ami yangu ili niangue madafu. Nilipofika katikati nikatazama chini. Miguu ikaanza kutetemeka, nikaukumbatia mnazi, sikuweza kupanda wala kushuka, mpaka ami mwenyewe akapanda kuja kuniteremsha. Tangu siku hiyo, kila nikisikia habari za watu wapandao majabali hutaka kujua jambo moja tu: je, woga wao huuweka wapi?

Kwa ajili hiyo leo napenda kuwasimulia wasomaji maisha ya Felice Benuzzi, Mwitaliano ambaye jina lake limefungamana na Mlima Kenya.

Benuzzi alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1910, akalelewa Trieste, mji wa bandari ulioko kaskazini mashariki ya Italia. Alisomea sheria, alikuwa muogeleaji hodari, na tangu ujana wake alizoea kupanda majabali ya Alps yaliyo karibu na kwao. Mwaka 1938 alipelekwa kufanya kazi ya serikali Ethiopia, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Waitaliano. Waingereza walipoiteka Addis Ababa mwaka 1941 Benuzzi akawa mateka wa vita, akaletwa Kenya, na hatimaye akafungiwa katika kambi nambari 354 ya Nanyuki.

Katika kambi hiyo hapakuwa na kazi ya maana. Siku zilifanana, na hakuna aliyejua vita vingekwisha lini. Benuzzi aliwaona wenzake wakidhoofika, si kwa njaa wala kipigo, bali kwa kukaa bure na kungoja. Alichelea kwamba naye angekuwa hivyo hivyo. Basi asubuhi moja mawingu yalifunguka, akauona mlima umesimama juu ya seng'enge za kambi, na kilele chake kimejaa barafu. Hapo ndipo alipopata nia ya kutoroka, aupande mlima ule, kisha arudi kambini mwenyewe.

Ndiyo, msomaji, arudi mwenyewe. Hakuwa na mahali pa kukimbilia. Nchi ya karibu isiyokuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, nayo ni mbali mno.

Wenzi wake walikuwa wawili: Giovanni Balletto, daktari aliyejua kupanda milima, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwahi kupanda mlima hata siku moja. Walijiandaa kwa miezi kwa siri kubwa. Nyundo walizigeuza zikawa sururu ndogo za kuchimbia barafu. Vyuma vyenye meno vya kufunga viatuni walivitengeneza kwa seng'enge na mabati ya madigadi ya gari bovu. Kamba walizifungua kutoka vitanda vyao. Hizo zilikuwa kamba za katani, katani ile ile tuijuayo sisi watu wa pwani kutoka mashamba ya Vipingo. Na juu ya kamba hizo ndipo walipokusudia kutundika roho zao. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa kwenye mkebe wa nyama, basi.

Tarehe 24 Januari 1943 walifungua lango kwa ufunguo wa kuiga, wakatoka. Kwanza iliwabidi wavuke msitu wenye tembo, vifaru, nyati na chui, nao hawana bunduki. Benuzzi hakuficha katika masimulizi yake kwamba aliogopa. Usiku walikoka moto na kukesha kwa zamu. Walipofika juu Barsotti alikuwa mgonjwa, wakamwacha kwenye kituo chao, wakaendelea wawili.

Walikusudia Batian, kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,199. Walijaribu kwa upande wa kaskazini magharibi, ambao ni mwamba mtupu ulioganda barafu. Theluji ikawaangukia, vidole vikafa ganzi, njaa nayo ilikwisha kuwadhoofisha. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani mkubwa. Kuendelea kungalikuwa kufa bila shaka. Walikubali kushindwa, wakashuka polepole kwa kamba zile za vitanda.

Lakini hawakurudi kambini mikono mitupu. Tarehe 6 Februari walipanda Lenana, kilele cha mita 4,985, wakasimika bendera ya nchi yao waliyoishona kambini. Kisha wakaanza safari ya kurudi, chakula karibu kimewaishia kabisa, na tarehe 10 Februari wakaingia tena kambini. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, lakini mkuu wa kambi, ambaye ni Mwingereza, alivutiwa na tendo lao, akawatoa baada ya siku 7.

Benuzzi alirudishwa kwao baada ya vita. Mwaka 1947 alitoa kitabu cha safari hiyo, ambacho baadaye kilisomwa sana kwa Kiingereza. Aliitumikia nchi yake katika kazi za ubalozi miaka mingi, akafariki Rome mwaka 1988.

Kwa muda mrefu nilidhani wapandao majabali ni watu waliozaliwa bila ya woga. Maisha ya Benuzzi yamenionyesha sivyo. Aliogopa chui, aliogopa mwamba, lakini aliogopa zaidi kuoza akiwa hai nyuma ya seng'enge, na woga huo mkubwa ndio uliomsukuma aupite ule mdogo. Na pale mwamba ulipomkatalia, hakuona haya kushuka.

Nami mnazini sikuwa na haja kubwa ya kunipandisha. Dafu lenyewe ningeweza kulinunua sokoni.